Masanduku ya Betri Nyuma ya Migomba

Niseme mapema ili tusilaumiane: mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, naogopa basi linaloteremka mlima huku dereva anaongea na simu. Ndiyo maana meneja wangu aliponiambia niende Kasulu na Kibondo, nilimwuliza kama hakuna mwingine. Kampuni yetu inaendesha minara ya simu na intaneti. Tulikuwa tumeondoa jenereta za dizeli kwenye minara ya kule juu, tukafunga sola na betri mpya, na wakaguzi wa mazingira walikuwa wanakuja kutupa cheti cha kazi hiyo. Kilichobaki ni betri za zamani, zile za madini ya risasi na tindikali. Mkandarasi alidai amezirudisha bohari. Bohari wakasema hawajaziona. "Nenda kaangalie ziko wapi," meneja alisema, "urudi na habari njema."

Kigoma mjini nilipokewa na Shabani, dereva, mzaliwa wa Kasulu ambaye babu yake alitoka pwani kuja kufungua duka. Nilimwuliza habari za majambazi wa barabara ya Kibondo, zile hadithi za gogo kulazwa njiani. Akacheka. "Dada, hayo ya zamani. Siku hizi kuna lami, polisi wapo." Akabadili gia. "Ila tukikuta gogo, usishuke." Haya basi! Tangu hapo macho yangu hayakubanduka barabarani mpaka shingo ikaniuma.

Kasulu tulikuta mambo safi. Betri za zamani zilikuwa zimepangwa bandani, zinasubiri gari. Tukapita sokoni kununua ndizi. Kulikuwa na kibaridi, akina mama wauza maharage wakiitana kwa Kiha, na mimi nikaanza kujiona mjinga kwa kuogopa nchi nzuri kiasi kile.

Njiani kwenda Kibondo, kwenye kona yenye msitu, tukakuta gogo. Nilikuwa nimeshajikunja chini ya kiti, viatu mkononi, Shabani aliposhusha kioo na kusalimiana na wapasua mbao waliokuwa wakilivusha upande wa pili. Alinicheka mpaka tunaingia mjini. "Sasa woga wote umekwisha, dada. Hujabakiza hata wa kesho." Laiti angejua.

Kibondo, mnara wetu uko juu ya kilima nje ya mji. Mlinzi wake anaitwa Bukuru, mtu mpole anayezungumza taratibu. Nikamwuliza betri ziko wapi.

"Walikuja watu wa mkandarasi," alisema. "Wakazipasua hapahapa. Maji yake wakamwaga shimoni, yale mabamba ya ndani wakapakia kwenye gari wakayauze. Mimi wakaniachia masanduku matupu, asante ya kuwalindia."

Kabla sijauliza zaidi, mkewe Mama Jeni akatokeza kutoka nyumbani kwao, chini kidogo ya uzio, tumbo limetangulia. "Mwakeye!" akatusalimu kwa Kiha. "Jamani Bukuru, unawahoji wageni na njaa yao?"

Mchana huo tulikula ugali wa muhogo kwa maharage. Ugali ulikuwa mweupe ajabu, laini, na mimi niliomba tena. Nikamsifu mwenye nyumba kwa unga wake.

"Ee, wote wananiuliza!" Mama Jeni alifurahi. "Mpaka wachuuzi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanautafuta. Watu wakivundika mihogo kwenye maji ya bondeni inakawia, halafu inanuka. Mimi nina vyombo vyangu. Humo inalainika upesi, inatoka myeupe. Njoo uone."

Nyuma ya migomba yalikuwa yamepangwa masanduku ya betri, yamekatwa juu, mihogo imezama ndani. Ubavuni bado ile picha ya onyo ilionekana, mkono unaoliwa na matone. Ndani, kwenye kona, palikuwa na utando wa kijivu. Nikashika mgomba. Wazo la kwanza, nisiwafiche, lilikuwa tumbo langu mimi. La pili ndilo lililonitoa jasho: tumbo lake.

"Uliyaosha?" nikauliza.

"Mara ngapi! Kwa majivu na sabuni. Mimi si mchafu, dada."

"Na mengine yako wapi?"

"Kila nyumba hapa. Ukipata chombo kizuri unagawa, utakaaje nacho peke yako? Hata dada yangu kule Gwarama nilimpelekea."

Nikawaambia yote palepale, yeye na mumewe. Kwamba huenda tindikali iliyobaki ndiyo inayolainisha mihogo. Kwamba risasi iliyoganda humo hainuki wala haina ladha, inaingia kwenye damu, inakaa kwenye mifupa, na inamfikia mtoto tumboni ikamharibia ubongo. Mama Jeni aliniangalia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

"Mbona tunakula tangu mvua za mwaka jana? Nani kaumwa?"

Bukuru ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Wewe. Lile tumbo kukuuma. Na kichwa."

"Si mimba hiyo?"

"Ilianza kabla ya mimba."

"Mana yanje," akasema Mama Jeni, akimwita Mungu wake kwa Kiha, akakaa chini.

Alasiri nilipanda hadi chini ya mnara, penye mtandao wetu mzuri, nikampigia meneja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia tungoje wakaguzi waondoke kwanza, tusije tukawatia watu hofu.

"Bosi, hofu ninayo mimi hapa. Ningeweza kuwagawia wilaya nzima ikabaki."

"Ukiyasema hayo hatupati cheti."

"Basi tusipate!" Nikakata simu, halafu ndipo nikakumbuka kwamba kazi nyingine sina.

Kabla jua halijazama Bukuru alikuwa amepita nyumba zote. Akina mama walileta masanduku, wakamwaga mihogo kwenye lile shimo lililomwagwa tindikali, tukalifukia, na mmoja aliniuliza watoto wale nini jioni ile. Shabani aliwasha gari akaenda mjini kutafuta unga.

Asubuhi tuliwapeleka Mama Jeni na majirani hospitali. Daktari alisema kipimo cha risasi hana, damu itabidi isafirishwe mbali. Na mimi nikatoa yangu. Mama Jeni alitazama dirishani muda wote sindano ikiwa mkononi mwake.

Niliporudi ofisini Dar es Salaam niliwaambia wakaguzi nilichokiona, nikianza na lile shimo. Meneja hakunitazama. Cheti kilizuiwa, na kampuni ikalazimika kutuma watu wakusanye masanduku yote hadi Gwarama, wachimbe udongo ule, na kugharamia matibabu. Kazini hawanisalimii kama zamani. Kupunguza dizeli ni jambo jema, bado naamini hivyo, lakini nilijifunza kwamba kitu chenye sumu hakimaliziki kwa sababu kimetoka nje ya uzio wako. Kinahamia tu jikoni kwa mtu.

Majibu yalipotoka, ya kwangu yalikuwa mazuri. Ya Mama Jeni hayakuwa mazuri. Nilimpigia mwenyewe, nikamweleza daktari alivyosema: kwa kuwa chanzo kimeondolewa risasi itapungua polepole, anywe maziwa, ale mboga, asikose kliniki.

"Na mtoto?"

"Anasema tungoje azaliwe."

Mama Jeni akasema, "Dada, nikimzaa akiwa mzima, nitampa jina lako. Akiwa vingine, hiyo kampuni yenu sitaisumbua. Nitakupigia wewe, uje umbebe."

Huu ndio mwezi wake wa kujifungua. Simu yangu ikiita, siku hizi, naiacha kwanza iite.