Jumatano ya Fundi Lifti

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi lifti, na ukitaka kugombana naye mwambie kwamba lifti ni sanduku tu la kupandisha watu. Atakuketisha akueleze habari za kamba za chuma na breki mpaka chai yako ipoe. Mimi nakaa mapokezi ya hospitali ambayo lifti zake anazihudumia yeye, kwa hiyo nimemwona nyumbani na kazini, akinuna na akicheka. Haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Mengine niliyachungulia, lakini niliyaona.

Kazi yao ina jambo moja ambalo sisi tunaobonyeza vitufe hatulifikirii. Kwenye dari ya lifti pana tundu lenye mfuniko. Lifti ikinasa katikati ya ghorofa na watu wakiwa ndani, fundi hushuka kutoka juu, akasimama kwenye paa la lifti, akafungua ule mfuniko na kujipenyeza mpaka kwa walionaswa. Tundu lenyewe halina urafiki na mtu. Aliyelipima alidhani mafundi wote duniani ni wembamba na wataendelea kuwa hivyo.

Shemeji alikuwa mwembamba zamani. Picha za harusi zipo. Kisha mkate ukapita, wali ukapita, soda zikapita, na vyote vilipofika tumboni vikaona hapa ni pazuri, vikajenga. Siku moja lifti ya wagonjwa ilinasa na wauguzi ndani. Shemeji akafungua mfuniko, akaingiza miguu, akaingiza mapaja, akafika kiunoni, akaishia hapo hapo. Wauguzi walibaki wakitazama viatu vyake vikichezacheza juu ya vichwa vyao. Mwenzake wa kazi, mwanamume mzima mwenye umbo la ufagio ambaye jengo zima linamwita Fito, alimshika makwapa akamvuta juu, kisha akateremka yeye bila hata kugusa kingo. Kabla ya saa ya chakula habari ilikuwa imefika mpaka chumba cha kufulia. Mimi nilicheka, nani asingecheka, mpaka alipopita mapokezi nikauona uso wake.

Msimamizi wao hakucheka. Alimwita akamkumbusha kwamba kila mwaka mafundi hupimwa uokoaji, na mwaka huu asipopita kwenye lile tundu akiwa amevaa mkanda na zana zake, atahamishiwa stoo kugawa nati na grisi. Kwa wengine hiyo ni nafuu, maana stoo kuna kiti na feni. Kwa shemeji ni kaburi lenye rafu. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni na buti zake, akamwambia dada yangu kwamba ameifanya kazi hii tangu ujana, na kwamba wakimtoa kwenye lifti hajui atakuwa nani. Dada aliniambia hayo akilia, na dada yangu si mtu wa kulia ovyo.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa mama wa lishe, mshauri wa chakula wa hospitali, ghorofa ya chini. Mama yule hana maneno mengi. Alisema apunguze wanga mpaka uwe kidogo kabisa: mkate basi, wali basi, viazi, tambi na sukari, basi. Ale mayai, nyama, samaki, maparachichi na mboga za majani mpaka aone kijani. Shemeji aliitikia kila kitu kwa upole uliotutia hofu. Alipokuwa anasimama ndipo akauliza, kana kwamba amekumbuka kitu kidogo, "Na Jumatano?"

Hapo inabidi nieleze. Mama yake shemeji alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate maisha yake yote. Alikuwa akitoka watoto wamelala, na siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumatano. Basi siku hiyo, mtu ambaye wiki nzima amekanda unga wa watu, aliamka akakanda wa kwake, akawaokea wanawe, akakaa nao mezani. Alishastaafu, watoto wameota mvi, lakini mpaka leo Jumatano jioni wote huenda kwake kula mkate. Hakuna aliyewahi kuamuru. Wanaenda tu.

Mama wa lishe alisikiliza yote hayo, kisha akasema hapana. Alisema kwa mwanzo asiwe na siku ya kupumzika kabisa, maana anawajua watu, siku moja huwa haina mlango wa kutokea. Shemeji akasema amemwelewa vizuri na hatamtii. Nilitamani sakafu inimeze. Tulipotoka tu kwenye korido, huku wagonjwa wakigeuka kututazama, alinikazia macho kama vile mimi ndiye niliyemnyang'anya sahani.

"Shemeji, mimi sijafungwa. Na hata aliyefungwa ana siku yake ya kutembelewa. Jumatano nakula kwa mama, na siku nyingine zote mtaniona."

Na kweli tulimwona. Alikaza uzi mpaka sisi ndio tukachoka. Wenzake wakinunua mkate na soda, yeye anafungua bakuli lake la mayai na kabichi, anakula huku amewakodolea macho, anawangoja waseme neno. Fito alimwita mbuzi kwa sababu ya majani. Akajibu kwamba mbuzi anapita popote. Nyumbani alitengeneza fremu ya mbao yenye kipimo kile kile cha tundu, akaipigilia kwenye mlango wa kutoka sebuleni kwenda jikoni, juu kidogo ya magoti. Ukitaka maji ya kunywa, unapita kwenye fremu. Dada yangu alipigana na ile fremu kila siku, na sufuria mkononi, akimtukana aliyeibuni. Watoto waliifurahia. Mimi nilipokwenda kuwatembelea nilibaki sebuleni na kiu yangu, kwa sababu ambazo hazikuhusu.

Polepole akaanza kupita. Kwanza kwa kusukumwa, baadaye kwa kubana pumzi, halafu peke yake. Siku hiyo dada alipika kuku mzima, wakala bila chembe ya wali, wakacheka kama wachumba.

Kilichomwangusha ni upendo, na upendo wa ukoo hauna breki. Ndugu walisikia kwamba mtoto wao anaruhusiwa kula Jumatano tu, wakamhurumia. Basi kila mwenye shughuli akaihamishia Jumatano. Mke wa kaka yake akasogeza siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Binamu aliyetaka kuleta mchumba akamleta Jumatano. Shangazi yake, mwanamke ambaye hakubali jibu la hapana hata kwa daktari, akaanza kuja na keki iliyopakwa sukari juu kama ukuta uliopigwa lipu, na tambi, na viazi vya kukaanga, akimpakulia na kumsimamia. Ukisema imetosha, anakuuliza, "Si ni Jumatano?" Mkate wa mama ukasukumwa mwisho wa meza. Niliona mama mwenyewe akiutazama pale pembeni. Huyo mama, mwanzoni tulipomweleza habari za wanga, alikuwa ameuliza swali moja tu: kama mwanawe hali kwake, atakuja kufanya nini?

Jumatano ikavimba. Asubuhi ilianza na maandalizi, Alhamisi ilibaki na viporo. Na fremu ikakataa. Shemeji aliingiza mguu, akaingiza kiuno, akakwama mbele ya watoto wake, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Sasa kila mtu akawa mshindi. Mama wa lishe alisema si alisema, afute hiyo siku. Fito akasema afute. Dada yangu akasema afute, tena akampigia na hesabu za vitambaa vya suruali. Hata mimi, mpenda mkate, nilimwambia shemeji, acha tu, mama ataelewa. Alitutazama mmoja mmoja kwa ile jeuri yake, akasema tulivyo wengi ndivyo tulivyokosea wote.

Jumatano iliyofuata nilikuwepo. Meza ilijaa mpaka glasi hazina pa kukaa. Shemeji aliingia, akasalimia wakubwa, akavuta mkate wa mama kutoka kule mwisho akauweka mbele yake, akakata vipande vyake, akala taratibu akitafuna kama mtu anayesoma. Akamaliza, akafuta mdomo, akageuza sahani ikatazama chini. Shangazi akawa ameshainua kijiko cha keki.

"Shangazi, shikamoo yako ipo palepale," alisema, "lakini hicho kijiko kirudishe. Nilipigania mkate wa mama. Sikupigania keki ya mtu."

Shangazi alisema amedharauliwa mbele ya watoto. Alisema yeye ndiye aliyembeba mtoto huyu mgongoni. Shemeji akajibu kwamba ndiyo, na ndiyo sababu anamwomba asimbebeshe tena. Shangazi akafunika keki yake, akachukua mkoba, akaondoka, na mpaka leo akisalimiwa anaitikia kwa pua. Binamu akaita jambo lile utovu wa adabu. Mimi, kwa upande wangu, nilitaka kumpigia makofi, ila nilikuwa nimeshika kipande cha keki hiyo hiyo.

Kuanzia hapo haikuwa tena siku ya mapumziko. Ilikuwa mlo mmoja, kwenye meza moja, wa mkono mmoja, na nje ya hapo alikuwa mgumu kama jiwe. Fremu ikaanza tena kumkubali, kwa shida, lakini ikamkubali.

Kisha msimamizi akatangaza siku ya kipimo, na lo, ilikuwa Alhamisi. Hapo tulimwandama. Mara hii tu, tulimwambia, Jumatano hii moja ipite, ukishafaulu utakula zote. Dada yangu alimbembeleza kwa majina ambayo sikujua wanaitana. Alikuwa na hofu ya stoo kuliko mumewe, kwa sababu yeye ndiye angelala na mtu wa stoo.

"Siku zote zile nimeweza kukataa kwa sababu nilijua Jumatano ipo," alisema. "Mkiniondolea hiyo, nitakuwa sijui nakataa kwa ajili ya nini. Naenda kula kwa mama, na kesho napita. Nisipopita, stoo nitaenda mwenyewe, sitalaumu mkate."

Akaenda, akala, akalala usingizi mzito. Dada hakulala.

Alhamisi nilimwachia mwenzangu dawati la mapokezi nikapanda ghorofa ya juu. Walikuwa wameegesha lifti chini kidogo ya mlango, paa lake linaonekana, limejaa grisi na vumbi. Msimamizi alisimama kandoni na tumbo lake, ambalo hakuna aliyewahi kulipima. Shemeji alishuka kwenye paa, akafunga kamba, akafungua mfuniko. Miguu ikaingia, mapaja yakaingia, kiuno kikafika kwenye kingo, kikasimama. Fito alifumba macho. Msimamizi akasema, wala hakusema kwa ubaya, kwamba apande tu, inatosha, wote wameona alivyojitahidi.

Shemeji alipeleka mkono nyuma, akazungusha mfuko wa zana kutoka ubavuni ukaja mbele, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akainua mikono juu. Akazama. Tulisikia buti zikigonga sakafu ya lifti, halafu sauti yake kutoka chini ikiuliza kama kuna mtu mwingine anayetaka kujaribu. Msimamizi aliangalia viatu vyake, akasema kipimo kimekwisha.

Dada alimpigia simu mama mkwe wake papo hapo, na huo ukawa mtihani mwingine. Maana tulipofika kwa mama baada ya kazi, mimi, dada na shemeji akiwa bado na grisi kwenye mashavu, tulikuta mezani mkate wa moto, umefunikwa kitambaa, kisu pembeni. Mama hajawahi kuoka Alhamisi tangu nimjue. Alikuwa amevaa nguo nzuri.

"Kaa ule, mwanangu," alisema. "Leo umewashinda."

Shemeji aliutazama mkate. Nilimwona akimeza mate. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni. Alimkatalia mama wa lishe kirahisi, akamkatalia shangazi hadharani, akampuuza msimamizi. Huyu hakuwa yeyote kati ya hao, na kwa mara ya kwanza nilimwona shemeji yangu anaogopa.

"Mama, leo Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani."

"Basi sitakula."

Dada alinikanyaga mguu, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Mama alisimama na mkono juu ya kitambaa. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, kama hakuja kula, amefuata nini.

Shemeji alivuta kiti, akakaa pale anapokaa tangu utotoni.

"Nimekufuata wewe. Hata zamani, Mama, tulikuwa tunakungoja wewe. Mkate ulikuwa tu mezani."

Mama aliondoa kitambaa. Aliuchukua mkate akaniletea mimi, akaniambia nile nisiwe na aibu, kisha akarudi akaketi karibu na mwanawe, akampangusa grisi shavuni kwa kidole gumba.

"Haya, nisimulie ulivyopita," alisema. "Na usiruke kitu."