Zizi Lililopanuliwa Kabla ya Safari ya Kisumu

Harufu ya mgunga uliokatwa mbichi, ikichanganyika na ya samadi iliyofukuliwa, hunitia wasiwasi hadi leo. Ndiyo iliyotanda nyumbani kwetu Guta mwezi ule wa Juni, miaka ya mwanzo ya Ujamaa, wakati pamba ilikuwa imepasuka shambani na kila mwenye vidole alikuwa akiichuma. Baba peke yake hakuwa shambani. Alikuwa zizini, akichimba mashimo na kusimamisha nguzo, akilisogeza boma la ng'ombe kuelekea upande wa mihogo, huku akiimba nyimbo za kanisani kama mtu aliyepokea habari njema na hataki kuzisema. Ng'ombe wetu walikuwa wachache, na katika zizi la zamani walilala kwa nafasi wakabakiza na mahali pa mbuzi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Huku kwetu Mara mtoto wa umri huo hahitaji kufundishwa maana ya zizi linalozidi ng'ombe waliomo.

Dada yangu Nyangeta alikuwa amerudi kwa likizo kutoka shule ya bweni, kidato cha pili, msichana pekee wa kijiji chetu aliyefika huko. Siku alipowasili, tukiwa tunakula ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, Baba alitangaza kwamba likizo hiyo atatupeleka sisi wawili ng'ambo, Kisumu. Tungepanda basi Bunda, tungelala Buhare, nje kidogo ya Musoma, kwa mjomba, na asubuhi tungeingia melini bandarini. Ujanani alipakia magunia katika bandari ya Kisumu, na kila alipolewa furaha alitusimulia taa za mji ule zinavyoonekana kutoka majini. Nilisahau ugali mkononi. Nilikuwa naliona ziwa kila siku ya maisha yangu, lakini haikuwahi kunipitia akilini kwamba lina upande wa pili ambao mtu kama mimi anaweza kushuka na kukanyaga. Wadogo zetu wa kiume walilia kutaka kwenda, Baba akasema bado ni wadogo, meli itawatapisha.  Mama aliendelea kula polepole, akimtazama Baba kama anavyotazamwa mfanyabiashara wa samaki anayeuza bei rahisi.

Lazima nieleze kwamba siku zile hakuna aliyesafiri nje kwa kutembea tu. Watu walivuka mpaka kwa msiba, kwa kazi au kwa kukimbia kitu, na aliyesema anakwenda kuwaonyesha watoto mji alieleweka kuwa ana jambo lake. Tena wakati wa kuchuma pamba. Balozi wetu wa nyumba kumi alipopata habari alikuja akaketi, akasifia zizi, akauliza kwa upole kama Baba anajua kwamba shamba la kijiji nalo linahitaji mikono, na kama amesikia kuwa siku zijazo nyumba zitasogezwa pamoja. Baba alijibu kwamba anasikia redio kama watu wengine, na kwamba atarudi kabla pamba haijapelekwa kwenye mizani ya chama cha ushirika. Balozi akacheka kicheko cha kutoamini. Kesho yake alipita tena, eti akitafuta mbuzi aliyepotea, na macho yake hayakutafuta mbuzi bali yalihesabu masanduku. Yeye alidhani tunahama. Majirani walidhani Baba anapeleka ng'ombe kuuza upande wa pili. Lisemwalo lipo, walisema, na kila mmoja akalitafutia mahali pa kulala.

Mama alikuwa na dhana yake na hakuigawia jirani. Dhana hiyo ilipata miguu siku fundi cherehani wa Bunda alipotuletea magauni ya safari. Langu lilikuwa la kitambaa cha kawaida, fupi, la kuchezea. La Nyangeta lilikuwa la maua, refu hadi chini ya magoti, limekazwa kiunoni, gauni la mtu anayekwenda kutazamwa. Mama alilishika, akaligeuza, akapima mshono kwa kucha, akalirudisha kwenye karatasi bila kusifia. Jioni ile tukipepeta mtama alisema, akiuangalia mtama wala si sisi, "Mwanaume hapanuagi zizi bure. Dalili ya mvua ni mawingu, wanangu." Hakuongeza neno. Nyangeta aliacha ungo ukalegea mikononi, na nikaona kwamba wazo hilo la ng'ombe wa mahari halikuwa geni kwake. Lilikuwa limemtangulia hata kabla ya Mama.

Tangu hapo nyumba yetu iligeuka mahali pa kuchunguzana. Baba alipotia kibuyu cha samli katika mizigo, tuliuliza ni cha nani, akasema cha rafiki yake wa enzi za bandarini. Alipomtaka Nyangeta asuke nywele vizuri, Nyangeta akazikata. Mimi nilianza kuishuku hata nafasi yangu mwenyewe: kwa nini nami napelekwa, kama si kwa sababu mchumba hapelekwi peke yake, anasindikizwa na mdogo wake ili ionekane ni matembezi? Niliona uchungu kugundua kwamba huenda nilikuwa kifuniko tu cha chungu cha mwenzangu. Lakini nisidanganye, bado niliitaka meli. Kila usiku nililala nikiomba kwamba Mama awe amekosea, na kila asubuhi sauti ya sururu zizini ilinijibu. Nilimwambia Nyangeta kwamba labda Baba anategemea tu mitamba yetu izae. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza lini nimeona mtu anajengea ndama ambaye mimba yake haijatungwa.

Yeye hakulia wala hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amebakiza miaka miwili na ushee kumaliza kidato cha nne, na alikuwa ameshaona shuleni kwao vitanda vinavyobaki vitupu baada ya likizo, matandiko yamekunjwa, mwenyewe yuko kwa mume. Asubuhi ya safari, basi likiwa linangojewa barabarani, Baba alibeba sanduku la Nyangeta akashtuka kwa uzito wake. Alilifungua pale uani. Gauni la maua halikuwemo. Zilikuwemo sare za shule, viatu vya shule, na vitabu vyote vya kidato cha pili, vimepangwa mpaka juu.

"Vitabu vya nini, mama?" Baba aliuliza. Alizoea kumwita hivyo kwa sababu Nyangeta alirithi jina la bibi mzaa baba. "Tunaenda kutembea tu."

"Sijui kama nitarudishwa huku, Baba," Nyangeta alisema. "Nikibaki huko nataka niwe navyo."

 Baba alikaa juu ya sanduku lililo wazi, kofia ya safari kichwani, akaitazama nguzo ya mwisho ya zizi lake. Kisha akasema kweli, na akaisema kwa sauti ya mtu anayedhani bado atasifiwa. Yule rafiki yake alikuwa na kijana, fundi wa reli, mtulivu, msomi, mwenye nyumba ya bati. Ujumbe wa posa ulikuwa umeletwa tangu mwaka uliotangulia. Yeye alikuwa hajajibu ndiyo wala hapana, wala mahari ilikuwa haijasemwa. "Nilitaka amwone kwanza," alisema, akimwelekea Mama. "Wewe mimi sikukuonaga mpaka siku ulipoletwa. Nikasema mwanangu nimfanyie vizuri kuliko hivyo, avuke na mdogo wake, ale, atembee, amwone mtu kwa macho yake."

Mama alikuwa amefunga kanga kiunoni kwa vita. "Na ungemwambia lini, Baba Nyangeta? Mkishafika katikati ya maji?"

 Ni hapo nilipoelewa maana ya mficha uchi hazai, methali niliyokuwa nikiiimba tu darasani. Nyangeta akasema, kwa heshima na bila kuinua sauti, kwamba haendi. Akachukua gunia lake, akashuka shambani kuchuma pamba akiwa amevaa viatu vya safari. Basi lilipiga honi, likangoja kidogo, likaondoka. Mimi nilibaki na kifurushi changu kichwani, nikilia kwa hasira. Niliwakasirikia wote, Baba kwa kuficha, Mama kwa kugundua, hata Nyangeta kwa kuwa na sababu nzuri. Baba hakumlazimisha. Likizo ilipokwisha alimsindikiza yeye mwenyewe hadi Bunda na lile sanduku zito begani, na nilisikia kwamba njia nzima hawakuzungumza. Miaka michache baadaye mpaka ulifungwa na meli za Kisumu zikakoma. Baba akafa bila kuziona tena zile taa, na hakutualika safari nyingine yoyote.

Sasa nakaa kwa binti yangu Musoma, naye ana watoto wawili wa umri tuliokuwa nao wakati ule. Juni hii anawapeleka Kisumu kwa gari kupitia mpakani Sirari, kisha Nairobi. Mipango yao inafanywa sebuleni, simu ikipita mkono hadi mkono, na mjukuu wangu wa kike anahoji kama hakimu: tutalala wapi, tutarudi lini, kwa nini siku mbili na si nne. Mama yake anajibu yote, na asipomridhisha, mpango unabadilishwa. Enzi zetu ungechapwa kwa maswali hayo. Mimi hukaa kando nikisikiliza, nikiona kwamba watoto hawa wanauliza kwa sauti yale ambayo sisi tuliyachunguza kwa kupima mishono ya magauni.

Nilimweleza Nyangeta habari za safari hiyo alipokuja kunitembelea. Amefundisha mpaka akastaafu, alichagua mume mwenyewe, sasa ni mjane. Alicheka, halafu akasugua goti linalomsumbua. "Siku ile Baba angeniambia kweli, ningeenda," alisema. "Ningemwona huyo kijana, nikamkataa palepale kwao, halafu nikatembea Kisumu na baba yangu." Nililiwaza hilo miaka yote na sikujua kwamba naye analiwaza. Mjukuu wangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akamwalika waende wote, kwenye gari kuna nafasi. Dada yangu hajawahi kuvuka mpaka huo hadi leo. Alifikiri, akaninong'oneza kuniuliza wanafikia kwa nani. Nikamwambia wanafikia hotelini. Akataka kujua mwenye hoteli ni nani, na kama ana watoto wa kiume.