Kimoja kwa Siku

Baba yangu alikuwa mchoyo, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo kwa kuwa amekufa. Ghala letu kule Kivaa lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa akiuvaa shingoni. Mwaka wa njaa alitupimia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwa kikombe cha chai, magunia mawili yakiwa mle ndani yanangoja siku mbaya zaidi. "Akiba haiozi," alikuwa akisema. Nikiwa na miaka tisa niliiba konzi moja ya mahindi, akanichapa mbele ya majirani.

Alipozeeka mkojo ulifunga. Hospitalini walimtia mpira wa kuutoa, nao ukamletea homa. Wakati huo nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule ya wasichana karibu na Matuu, na likizo ilikuwa imeanza, kwa hiyo kumuuguza kukaniangukia mimi. Muuguzi, mama mmoja asiyecheka, alinipa bahasha ya vidonge vya rangi mbili.

"Anameza tatu kwa siku mpaka ziishe. Ukimpa kidogo kidogo, hao wadudu hawakufi, unawachokoza tu. Watajijengea ndani ya mpira. Unajua ule utelezi wa ndani ya mtungi wa maji?"

Nani wa kwetu asiyeujua? Utoto wangu wote nilitia kokoto na mchanga ndani ya mitungi, nikaitikisa mpaka mikono ikaisha nguvu, ndipo utelezi ule ubanduke.

"Sasa mtu huwezi kumtia kokoto," akasema.

Tulipofika nyumbani baba aliichukua bahasha, akavimimina vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, akaliweka chini ya mto. Akaamua atameza kimoja kila asubuhi.

"Hizi ziko na nguvu mingi. Zingine tunaweka. Ugonjwa ikirudi, utanipea nini?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wasichana wangu darasani. Akageukia ukutani. Siku ya nne, akiwa amesinzia, nilichopoa viwili, nikavifungua na kuumwaga unga wake ndani ya uji. Aliuonja, akautambua uchungu, akanirushia kikombe. Uji wa moto ukanichoma kifuani.

"Ulisoma ndio ukuje kuniibia dawa? Mwizi wa mahindi ni mwizi tu."

Hapo nilimchukia upya, chuki ileile ya nilipokuwa na miaka tisa. Niliokota kikombe, nikakiosha. Kuanzia kesho yake nilimpa alichotaka, kimoja kwa siku na maji ya kutosha, kwa adabu zote. "Baba, chukua dawa yako." Nilijua ninachofanya. Ningeweza kumrudisha kwa yule muuguzi, maana yeye angemkaripia na baba angemsikia. Sikumrudisha.

Homa ilishuka siku mbili, akanicheka. "Umeona?"

Nikamjibu, "Nimeona, baba."

Wiki ya tatu mpira uliziba. Tulimpeleka hospitali akilia, mzee ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi. Yule muuguzi aliuchomoa mpira, akaupasua kwa mkasi kwa urefu, akanifunulia. Ndani ulikuwa umejaa ute wa kijivu, mzito, umeng'ang'ania.

"Alimeza zote?"

"Alimeza alivyotaka."

Aliniangalia. "Na wewe ni mwalimu."

Wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu. Walimtia dawa kali za sindano, lakini siku ya tano akafa.

Tulipomaliza kuzika, mama yangu alilileta lile kopo uani. Katika ndoa yake yote hakuwahi kushika ufunguo wa ghala hata siku moja. Sasa alipita kati ya waombolezaji akigawa vidonge, uso ukimng'aa kwa fahari. Mwenye kikohozi alipewa kimoja. Jirani mwenye kidonda mguuni naye kimoja. "Mzee amewaachia," aliwaambia, nao wakamshukuru marehemu. Ningesimama nikasema, ningelazimika kusema yote, kwa hiyo niliendelea kukaa.

Alipofika kwangu alinivuta ukosi wa blauzi, akatazama pale uji uliponichoma. Palikuwa bado panatoa usaha.

"Hata wewe, mwiitu, binti yangu. Kimoja kitakutosha."

Nikafungua kiganja, nikakipokea, nikakimeza mbele yake.