Udongo Uliooshwa Maji Mawili

Safari hii niliisababisha mwenyewe kwa uvivu. Mara ya kwanza ofisi yetu ya Mwanza iliponituma kisiwani Ukerewe kuchukua udongo wa mashamba, nilibaki mjini Nansio nikila samaki aina ya sato, nikawapelekea wakulima mifuko kwa bodaboda waijaze wenyewe. Udongo ulipopimwa Mwanza, shamba la Bibi Nyangeta lilionekana halina kaboni hata ya kulambisha. Nikaandika, "Udongo umechoka," nikatia sahihi. Baadaye bibi akapiga simu ofisini. Mwanawe, Masatu, ameisoma karatasi yangu na sasa anataka kuwaachia wafyatua matofali walichimbe shamba. Wanakuja Jumatatu. Mkuu wangu aliniambia tu, "Ijumaa kuna meli."

Kaboni yenyewe tunaitafuta kwa sababu nchi yetu imeahidi mbele ya mataifa kupunguza hewa inayoipasha dunia joto. Mimea huivuta hewa hiyo, na mizizi, majani na samadi vikioza, sehemu yake hubaki ardhini kama kaboni. Shamba linaloitunza huingia katika taarifa ya mkoa, na taarifa hupanda hadi Dodoma. Ndivyo ninavyoeleza kwenye semina, viatu vikiwa vinang'aa.

Ijumaa asubuhi nilitoka nyumbani Mabatini, Mwanza, na viatu vilevile. Saa tatu meli iliondoka, na mchana nikashuka Nansio. Nilipita mbele ya mgahawa wa sato bila kugeuka. Basi, niligeuka kidogo.

Saa nane nilifika kwa Bibi Nyangeta. Ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, ambako ng'ombe hulishwa nyumbani ili samadi isipotee njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndiwe uliyeuua udongo wangu?"

"Ndimi. Nimekuja kuomba radhi."

"Omba kwanza, chai baadaye."

Shambani mguu wangu ulizama. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye harufu ya zizi. Nikamwuliza ule mfuko aliujazia wapi.

"Hapohapo uliposimama."

"Huu mweusi?"

Akatazama chini. "Sasa baba, utapeleka kitu serikalini na mavi ya ng'ombe ndani? Nilichambua mizizi, nikatoa majani, nikapepeta. Bado mweusi. Nikauosha maji mawili kama mchele, nikauanika mkekani. Ulitoka mweupe, nikafurahi."

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona aibu, maana ningekuwepo siku ile asingeuosha.

"Bibi, ulichomwaga ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

"Mavi?"

"Mavi, mizizi, na huo weusi wenyewe."

Akaketi juu ya tuta. "Miaka yote nayabeba kichwani," alisema polepole, "halafu siku ya kuonyesha, nikayaficha."

Masatu alitukuta hapo. Nikamsihi awazuie wafyatua matofali. Akaitoa ile karatasi mfukoni. "Inasema udongo umechoka, na sahihi ni yako."

"Nilikosea. Nipe nafasi niupime upya."

Alimtazama mama yake. "Nitawasimamisha mpaka karatasi nyingine ije. Ila safari hii chimba mwenyewe."

Nilichimba pembe zote nne za shamba na katikati. Bibi alisimama juu yangu akihakikisha sitoi hata jani. Viatu havikung'aa tena.

Jumamosi, ndani ya meli, mama mmoja aliyekaa karibu nami alijifunika pua kwa kanga. "Kaka, umebeba nini humo?"

"Ahadi ya taifa."

Akahamia kiti kingine.

Majibu yalipotoka, nilifuta sentensi yangu ya zamani na kuandika nyingine: shamba lina kaboni nyingi kuliko yote tuliyopima msimu ule. Masatu akawaambia wafyatua matofali watafute kwingine. Mimi nimejifunza kwamba mtu akikukaribisha kwake atakufichia takataka, na usipoingia mwenyewe hadi zizini utaondoka bila kumjua. Nikampigia bibi kumpa habari.

"Kwa hiyo mavi ya ng'ombe wangu yanakwenda Dodoma?"

"Yanakwenda, bibi. Yamo kwenye taarifa."

"Basi waambie wakubwa wa huko," alisema, "wasiyaoshe."