Siku Tulipolala Njia ya Ng'ombe

Mchanga wa mto ukimwagiwa maji hutoa harufu yake, kama ya chungu kipya. Juzi mafundi walikuwa wanachanganya zege nje ya ukumbi mmoja pale Chamwino, harufu ikanipata nikiwa mgongoni kwa kijana, napandishwa ngazi. Tulikuwa tumeitwa sisi watu wenye ulemavu tukafundishwe uongozi. Ukumbi wa kufundishia watu wasiotembea, na una ngazi! Nikacheka. Kisha ile harufu ikanijia tena, kicheko kikakatika. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnisamehe nikizunguka, lakini hapo mgongoni nilikuwa nimeshafika korongoni kwetu, mtoto tena, midomo imepasuka.

Ngoja kwanza niwaambie habari ya miguu yangu, maana watu huogopa kuuliza. Homa ilinishika ningali mdogo, ikaondoka nayo. Siku hizi wanasema polio. Kwetu walisema nilirukwa. Mtu akilala chini, ukapita juu yake, umemruka: yeye hukauka pale uliporukia, na wewe balaa hukufuata mpaka nyumbani. Hata ng'ombe wakimruka mtu, walisema, mimba zao hutoka. Basi mama alimtafuta aliyeniruka kijiji kizima, mwisho akanuniana na shangazi yangu miaka mingi. Maskini, shangazi mwenyewe wala hakuwepo. Alikuwa Makutupora, kibarua cha kuvuna zabibu.

Haya. Mwaka ninaousema mvua haikuja. Mtama ulikauka ukiwa na urefu wa kidole. Baba aliswaga ng'ombe wetu wachache kwenda mbali kutafuta majani, mama akaenda Mlali kuhemea chakula, mimi nikaachwa kwa jirani. Huyo jirani ndiye Foibe. Nilimwita shangazi, ingawa hatukuwa damu moja. Naye alikuwa anatambaa, ila mikono yake aliivalisha katambuga, vile viatu vya matairi, na akija ulisikia pa! pa! pa! kama mtu anayejipigia makofi njiani. Alikaa na mama yake, bibi kizee asiyeinuka tena kitandani.

Maji ya kwetu yalikuwa ya kuchimba mchangani, katikati ya korongo. Kila ukoo na shimo lake, limezungushiwa miiba, na sheria ilikuwa aliyechimba ndiye anayekunywa. Kiangazi kile mchanga wote ulikuwa mkavu isipokuwa penye mwamba, na pale mwambani kila mahali palikuwa na mwenyewe. Sisi tuliohesabiwa hatuwezi kuchimba tulikaa nje ya miiba na vibuyu vyetu. Walikunywa ng'ombe. Baada ya ng'ombe, mbuzi. Baada ya mbuzi tuliitwa sisi, tukachota tope. Nililichuja kwa meno.

Foibe akawakusanya wenzake. Alikuwepo Mzee Chilewa, kipofu, macho yake yaliliwa na vikope lakini mabega kama ya fahali. Alikuwepo Sila, binti asiyesikia, na wengine wa kutambaa kama sisi. Wakaenda kwenye mkutano wa kijiji, na mimi nikaburuzika nyuma. Kwetu anayetaka kusema mkutanoni husimama. Foibe akasema palepale alipokaa.

"Nani huyo anaongea? Simama tukuone!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ningekuwa wa kusimama ningekuwa nimeshachimba," Foibe akajibu. "Mwenyekiti, tunataka nafasi pale mwambani. Shimo letu. Tutachimba wenyewe."

Watu wakaangua kicheko. "Kipofu achimbe, kiwete abebe, bubu aite watu!"

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Akanyoosha mkono, akasema, "Jamani, hawa ni wetu. Kila nyumba itoe kibuyu kimoja cha sadaka." Makofi yakapigwa. Mimi machozi yalinitoka kwa furaha. Kibuyu kizima!

"Hapana," akasema Foibe.

Nikamvuta kanga. "Shangazi, wanatupa!"

"Wanatupa leo, Mele. Kesho watasahau, keshokutwa watatusimanga. Tunataka shimo."

"Maskini jeuri," mwanamke mmoja akasema, akatema mate. Tukarudi na vibuyu vikavu. Bibi alikuwa anaomba maji kwa sauti ndogo kama ya kifaranga. Foibe alichovya kitambaa kwenye tope lililobaki, akamlowesha midomo. Asubuhi akamlowesha tena, akakaa akimtazama, akavaa katambuga zake tukatoka.

Njia ya kushukia mwambani ilipita katikati ya kingo mbili, nyembamba. Foibe akatulaza pale, mmoja baada ya mwingine, ukingo hadi ukingo. Mimi alinilaza ubavuni kwake. Tukasikia kengele, tukaona vumbi, ng'ombe wakaja. Wachungaji walipotuona wakawarudisha nyuma kwa fimbo, wanapiga kelele kama wameona moto. Akaja mwenye zizi kubwa, Mzee Masinjisa.

"Foibe, una wazimu? Ondokeni!"

"Ruka, mzee. Mele huyu hapa, si alisharukwa? Ya nini kumwogopa?"

"Unamlaza mtoto wa watu njiani!"

"Mtoto wa watu mlimwona lini? Jana alikuwa anakula tope nje ya miiba yako."

Akaamuru vijana watubebe. Wakambeba Foibe, wakamweka pembeni. Wakigeuka kumwinua Chilewa, pa! pa! pa! Foibe amesharudi mahali pake. Chilewa naye walishindwa kumtikisa, akawa anawauliza, "Nyie watoto wa nani, hamjala?" Mmoja wa vijana akacheka, akakaa chini, akakataa kuendelea.

Lakini ndugu zangu, jua lilipopanda hakuna aliyecheka tena. Ng'ombe walinusa maji, wakalia, mlio ule unaingia tumboni. Ulimi wangu ulijaa kinywa. Nilitaka kuondoka. Nilikiwaza kibuyu cha sadaka tu. Foibe alikuwa amenishika mkono, na kila nilipouvuta, alikaza.

Ndama mmoja alipoanguka, mwenyekiti akaja mbio. "Chimbeni! Pale chini ya mwamba. Ondokeni njiani, chimbeni!"

Chilewa akashuka shimoni, sisi tukawa tunavuta mchanga kwa ngozi ya ng'ombe, Sila anaumwaga. Mchanga mkavu, mchanga baridi, kisha ile harufu. Nilikunywa nikatapika, nikanywa tena.

Tuliporudi nyumbani, bibi alikuwa amekufa.

Mwaka ule wafu walikuwa wanapanguswa kwa kitambaa tu. Nani angemwaga maji kwa mtu asiye na kiu? Foibe akamtuma Sila shimoni na debe, akamtuma tena. Akamwosha mama yake nywele, kwapa, katikati ya vidole, taratibu, maji yakitiririka sakafuni mpaka mlangoni. Mimi niliyatazama yakipotea ardhini.

"Shangazi," nikasema, "kile kibuyu cha jana kingemfaa."

Hakuinua kichwa. "Kingemfaa," akasema. "Mwagia hapa, miguuni."

Nikamwagia. Kwa miaka mingi nilidhani hakunielewa. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza na mimi kuwasemea wenzangu, ndipo nilipoelewa kwamba neno lile alikuwa ameshajiambia mwenyewe asubuhi ile, alipokaa akimtazama mama yake kabla hatujatoka. Alijua huenda hatamkuta, akatoka. Wapo wanaosema alikosea, na siku nyingine mimi pia husema hivyo. Maji ya lile shimo tuliyanywa mpaka mvua iliponyesha, sisi wote tuliolala njiani, na mimi nipo.