Jina la Pili

Niliondoka mtaa wa Section 58 asubuhi moja nikiwa na mfuko mmoja na bila mpango wowote. Chumba hakikuvuja, na kazi ya kupaka rangi ilikuwa bado ipo. Lakini jirani alikuwa ameniuliza, kwa urafiki kabisa, "Boss, hilo ni jina la kwanza. La pili ni gani?"

Kwetu mtu hasikilizi la kwanza. Anangoja la pili ajue wewe ni wa nani. Mama yangu ni Mkalenjin, baba alikuwa Mkikuyu, na kila mmoja alinipa jina la kwao. Hapa nilitumia moja, kule jingine, na nikahama kabla hayajakutana. Tangu niache shule darasa la saba, sikuwa nimemaliza mwaka mahali pamoja. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nitazeeka hivyo.

Nilielekea upande wa Bahati kwa sababu tu barabara hiyo sikuijua. Lori la kabichi lilinibeba nusu ya njia, na iliyobaki nilitembea. Mvua ikanipata karibu na ukumbi wa kanisa, nikakimbilia barazani. Watu kama sita walikuwa wameketi kwenye benchi, kimya, kama wanaosubiri kung'olewa meno. Mimi siwezi kupita foleni bila kuuliza ni ya nini.

"Ni ya kuongea," akasema mzee mmoja.

"Na nani?"

"Na mshauri. Huja kila Alhamisi."

"Anadunga sindano?"

"Hata dawa ya kichwa hana." Akacheka. "Mimi nilikuja kumchunguza tu. Hii ni mara ya tano."

Nikakaa nyuma yake. Nilijiambia ni udadisi.

Mshauri alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijani. Alikuwa ameweka viti viwili ubavu kwa ubavu, vinatazama shamba kupitia dirisha, na mbele yake beseni la minji, njegere mbichi zikiwa bado kwenye maganda.

"Watu wa huku hawaongei mikono ikiwa mitupu," alisema. "Na kukaa mkitazamana ni kama kesi kwa chifu. Menya."

Nikamenya. Aliponiuliza jina, nikampa la kwanza na, kwa kuwa tulikuwa Bahati, kwa Wakikuyu, lile la upande wa baba. Uso wake ukafunguka. Akaanza kunisemesha kwa Kikuyu, taratibu, kama anayemfunika mtoto blanketi. Alitaka nijisikie nyumbani. Nikarudisha kiti nyuma, nikaligonga beseni, na minji ikamwagika sakafuni.

Akarudi kwa Kiswahili. "Nimekosea. Nimekumiminia chai kabla ya kukuuliza kama unakunywa. Ungetaka tuongee lugha gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema hii hii tu.

Halafu, nikiokota minji, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa na miaka tisa, mwaka ule wa fujo za uchaguzi, makabila ya wazazi wangu yakipigana, mimi na mama tukikimbia kwa miguu. Kwenye kizuizi cha kwanza vijana walitaka tuongee, wasikie sisi ni kabila gani. Mama akaongea lugha yake, tukapita. Kwenye cha pili walikuwa vijana wa upande mwingine. Mama akainamisha kichwa, nikaongea ya baba. Mmoja akamwelekezea mama rungu: "Na huyu?"

Nikasema ni mfanyakazi wetu, ni bubu. Wakacheka, wakatuachilia.

"Mama alisema nini baadaye?"

"Alinishika mkono mpaka tukafika."

"Amewahi kukulaumu?"

"Hapana. Ni mimi ninayejilaumu."

Hakuniambia nisamehe mtu, wala nisali. Aliuliza, "Mtoto wa miaka tisa angesema nini kingine, na nyote wawili mpite?"

Nilitafuta. Nilimenya maganda mengi nikitafuta.

"Sijui."

"Basi tutaendelea hapo Alhamisi ijayo."

"Sitakuwa hapa, mathe."

"Utakuwa wapi?"

Nikaonyesha mlango kwa kidole. Yeye akanipa konzi ya minji kwenye karatasi, akamwita aliyefuata.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Nilisimama kwenye njia panda, nikatazama barabara ya kwenda mbele. Kisha nikageuka nyuma ya maduka kuulizia chumba. Mwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikuwa akianika nguo.

"Unaitwa nani?"

Nikamtajia yote matatu, la kwanza, la mama na la baba, kwa mpigo mmoja.

Alinitazama, kibanio cha nguo mdomoni, kisha akakitoa. "Haya majina yametoka pande mbili."

"Ni ya wazazi."

"Haya. Hata wifi yangu ni wa hiyo pande ya mama yako. Na anavyoringa!" Akanifungulia mlango wa bati. "Choo iko nyuma. Maji ni Jumanne na Ijumaa."

"Naweza kukaa mpaka Alhamisi tu?"

"Hii si hoteli, kijana. Ni mwezi, ama uende."

Nikaweka mfuko chini, nikamwambia mwezi.