Siku Tuliyomnyoa Chai

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi ughaibuni, mtaa wa Kilburn, nilipoamini kwa wiki nzima kwamba nimemuua jirani yetu kwa mkasi.

Jirani huyo alikuwa Mthai wa ghorofa ya chini, aliyefanya usafi hotelini pamoja na mama yangu. Mwanawe wa miaka ishirini aliitwa Chai, kwa hiyo sisi tulimwita Mama Chai. Nyanya yangu, aliyekuja kutoka Kakamega kukaa nasi, hakuacha kushangaa kwamba mtu alimtazama mtoto mchanga akampa jina la chai.

Kiangazi hicho Mama Chai aliambiwa atapasuliwa moyo. Kabla ya siku kufika, mwanawe alichukua likizo kazini awe mtawa wa Kibudha kwa wiki mbili. Kwao vijana wengi hufanya hivyo, na thawabu humwendea mama.

Tulialikwa hekaluni siku ya kunyolewa. Kila ndugu na rafiki alikata kishungi kimoja cha nywele, mama mtu akikinga kwa sinia. Nilipopewa mkasi nilikata kishungi kinono, nikajiona mtu mkubwa. Mtawa mzee akamalizia kwa wembe, hata nyusi.

Nyanya hakuwa amekuja. Nilipomsimulia aliweka kikombe chini.

"Nani amefariki kwao?"

"Hakuna."

"Kwetu kichwa hunyolewa baada ya mazishi. Ukinyoa kabla, unauita msiba. Wewe hukushika huo mkasi?"

"Sikushika, Nyanya."

Nilipokutana na Mama Chai ngazini niliangalia viatu vyangu. Siku ya upasuaji nilirudi kutoka shule nikakaa jikoni na Nyanya bila kuvua koti la sare, nikimsubiri Mama, aliyekuwa hospitali tangu asubuhi.

Aliingia akiwa amechoka, akavua kiatu kimoja.

"Ameamka," alisema. "Analalamika supu haina pilipili."

Nililia hadi Mama akaogopa. Kisha nikamwambia Nyanya, "Ni mimi. Nilikata."

Alinifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Basi una mkono wa heri," alisema. "Na mimi pia wiki hii sikulala."

Kumbe kila alfajiri alikuwa akimwombea Mama Chai kwa Kiluhya. Chai aliporudi nyumbani, utawa umekwisha na nyusi zinaanza kuchipua, Nyanya aliteremka na sufuria ya uji wa wimbi, akampapasa kichwa kile chenye vinywele vifupi, akacheka.

Sasa nina watoto wangu. Sijawahi kuamua nani alikuwa sahihi kuhusu nywele zile, wala sioni tena haja ya kuamua. Najua tu kwamba ndani ya nyumba moja, nyanya na mjukuu tuliogopa kwa ajili ya mwanamke yuleyule, kila mmoja peke yake, na sentensi moja ya kweli ingetuwezesha kulala.